Swali la mupepo

Silinda ilifika kwenye klabu yetu ya roboti ndani ya mfuko mweusi wa nailoni, chini ya mafungu mawili ya sombe, kisamvu kama wengine mnavyosema. Msichana aliyeileta yuko mwaka wa tano wa sekondari. Aliinunua kwa wauza vyuma chakavu pale soko la Kenya (msomaji wa Nairobi, usishtuke: Kenya ni komini yetu mojawapo hapa Lubumbashi), akalipa kwa nauli yake ya wiki nzima, na wiki nzima akaja shule kwa miguu. Aliipangusa kwa upindo wa sare, akaiweka mezani mbele yangu, akavuta fimbo yake ya chuma mpaka mwisho, akaziba tundu la nyuma kwa kidole gumba, kisha akaisukuma ndani. Fimbo ikaingia kidogo, ikagoma, na alipoiachia ikarudi nje yenyewe.

"Mwalimu, hii iko na nguvu kupita mota zetu zote."

Alisema kweli. Ilikuwa silinda ya mupepo, ya zile zinazosukuma chupa na kufunga masanduku viwandani. Ubavuni kibandiko kilikuwa bado kinasomeka: kipenyo cha ndani milimita 32, mwendo milimita 100, presha isiyozidi bar 10. Mupepo ndilo neno letu huku kwa hewa inayokwenda na hewa inayosukuma, na wanafunzi wangu hawatumii jingine.

Kijana aliyekuwa kwenye kona akilehemu nyaya aliuliza bila kuinua kichwa: "Lakini iko ruhusa kwa mashindano?"

"Iko," nikajibu.

Neno hilo moja lilitugharimu wiki tatu.

Nilikuwa nimeona video za roboti kubwa za vijana wa Marekani, zenye uzito wa mtu, zikirusha mikono juu kwa mlio ule wa hewa inayotoka. Zilikuwa na matangi, mabomba ya rangi, kila kitu. Kwa hiyo sikusema uongo. Nilijibu swali la mashindano mengine. Sisi tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano yanayofuata sheria za FIRST Tech Challenge, na katika sheria hizo hewa iliyofungwa haina nafasi kabisa. Tangi la gesi, springi ya gesi, kompresa, hata kifaa cha kunyonya hewa, vyote vimekatazwa. Niliyasoma hayo usiku mmoja umeme uliporudi saa nne, wakati vijana walikuwa wameshachora mkono mzima wa roboti kuizunguka silinda ile.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilohilo na walimu wa shule nyingine, na wazazi, na fundi mmoja wa reli. Nataka kulijibu hapa vizuri, kwa urefu, kwa sababu jibu la neno moja lina madhara hata likiwa la kweli.

FIRST ni shirika lililoanzishwa na Dean Kamen nchini Marekani mwaka 1989, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1992. Leo lina ngazi kadhaa, na ngazi hizo zinashiriki jina la ukoo kama watoto wa nyumba moja, ila kila mmoja ana sheria zake. Mkubwa ni FIRST Robotics Competition, wenye zile roboti nilizoziona kwenye video. Wa kati ni FIRST Tech Challenge, ambapo roboti inapoanza mchezo lazima ienee ndani ya mchemraba wa inchi 18, yaani sentimita 45.7 kila upande. Mdogo ni FIRST LEGO League. Ukiwauliza hawa watatu swali la yule kijana wa kwenye kona, mkubwa atajibu "ndiyo, lakini kaa chini tuongee". Wa kati atajibu "hapana". Mdogo, ambaye ungemtegemea awe mwoga kuliko wote, atakujibu "ndiyo, ukitumia za kwetu". LEGO wamekuwa na sehemu za hewa tangu mwaka 1984, pampu ndogo na silinda ndogo za plastiki, na kwa kuwa sheria inaruhusu sehemu za LEGO zisizo za umeme, hizo nazo zinaingia. Hata mrija wake unaruhusiwa kuukata kwa urefu unaoutaka.

Kuna pia ukoo mwingine kabisa wa mashindano ya roboti, VEX. Huko, kwenye mashindano yao ya V5, hewa inaruhusiwa kwa kipimo: matangi yasiyozidi mawili, ya aina waliyoidhinisha wenyewe, na presha isiyozidi psi 100, karibu bar 7. Hakuna kompresa inayopanda juu ya roboti. Unalijaza tangi kabla ya mchezo, hata kwa pampu ya kinga, baiskeli kama wengine mnavyosema, kisha unaingia uwanjani na akiba uliyonayo.

Hapo kwenye akiba ndipo wanafunzi wangu walipopenda hesabu kuliko siku zote nilizowafundisha. Chukua tangi la mililita 150, lijaze hadi psi 100. Liunganishe na silinda yenye kipenyo cha milimita 10 na mwendo wa milimita 50. Kila fimbo inapotoka inameza karibu mililita 3.9 za hewa ya tangi. Robert Boyle alikwisha kutuambia mwaka 1662 kwamba hewa ileile ikipewa nafasi kubwa zaidi presha yake inashuka kwa uwiano huohuo. Kwa hiyo baada ya msukumo wa kwanza una psi 97 na kitu. Baada ya msukumo wa ishirini, ukihesabu pia presha ya hewa ya nje, umebaki na 54 hivi. Nguvu ya silinda, iliyoanza karibu na kilo tano na nusu, sasa ni kilo tatu hivi. Timu inayotumia hewa ovyo dakika ya kwanza itafika mwisho wa mchezo na mkono unaotetemeka. Msichana mwenye silinda alilielewa hilo haraka kuliko wote, akasema ni kama pesa ya sokoni: ukianza na nyama, hutafika kwenye mafuta.

Na kuna jambo la kwetu hasa. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kila unapovuta mpini wa pampu hapa unakamata hewa kidogo kuliko mtoto wa Mombasa mwenye pampu ileile. Kufikia psi 100 tunapiga mara nyingi zaidi. Silisemi hili kama lawama kwa mtu. Lakini ukisoma mahali kwamba tangi linajaa kwa misukumo kadhaa, jua kwamba aliyehesabu huenda alikuwa karibu na bahari.

Turudi kwa yule mkubwa, kwa sababu sheria zake ndizo zilizonifundisha. FIRST Robotics Competition hawasemi tu "ruhusa". Wameandika sura nzima, na ukiisoma huku umeshika kalamu unaweza kuchora njia yote ya hewa.

Inaanzia kwenye kompresa moja tu. Ya pili hairuhusiwi. Hapohapo kwenye kompresa pawe na vali ya usalama iliyopangwa kufunguka kwenye psi 125. Kabla ya kufika huko, swichi ya presha inatakiwa kuwa imeshaiambia kompyuta ya roboti izime kompresa, kwa sababu hewa ya akiba haipaswi kuzidi psi 120, kama bar 8.3. Kutoka kwenye matangi hewa inapita kwenye regulata inayoishusha mpaka psi 60, zaidi kidogo ya bar 4, na hiyo ndiyo hewa ya kazi. Geji zinakuwa pande zote mbili, upande wa akiba na upande wa kazi, mahali mkaguzi anaziona bila kuhangaika. Na lazima pawe na vali ya mkono ya kumwaga hewa yote, mahali panapoonekana na kufikika kwa urahisi.

Angalia jinsi walivyofikiri. Swichi ikifa, vali ya usalama ipo. Vali ikigoma, matangi na viungo vya upande huo vimetengenezwa kuhimili psi 125 au zaidi. Mtu akichoka kuamini vyote hivyo, mkono wake unafika kwenye vali ya kumwaga. Hakuna kifaa kimoja kilichoachiwa maisha ya mtoto peke yake.

Niliposoma kipengele cha mwisho, cha kumwaga hewa, nilimsikia nkambo wangu.

Nkambo wangu, baba ya mama, alifanya kazi chini ya ardhi Kipushi, mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, kilomita kama 30 kutoka hapa. Alishika nyundo ya mupepo ya kutoboa mwamba. Masikio yake yalikufa mapema, kwa hiyo sisi wajukuu tulizoea kumpigia kelele, naye alizoea kutujibu kwa sauti ya mtu aliye ndani ya shimo. Alipenda hewa kuliko umeme, na sababu yake nimeikuta baadaye chuoni, imeandikwa kwa maneno marefu: nyundo ikikwama kwenye mwamba, hewa inasubiri tu. Mota ya umeme ikikwama inaendelea kunywa umeme mpaka inaungua. Silinda ikikutana na ukuta inasimama na kusukuma, inasimama na kusukuma, saa nzima ukitaka, haiumii. Ndiyo maana vijana wa roboti wanaitamani kwa kubana vitu.

Lakini nkambo alikuwa na amri moja na aliirudia hata tulipokuwa tunacheza na bomba la maji uani. "Funga mupepo. Mwaga yote. Ngojea. Kisha ndio ushike." Bomba la hewa likichomoka kwenye nyundo huku lina presha, alisema, linapiga huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa, na kichwa chake ni cha chuma. Alimwona mtu akipoteza meno. Mgodi wa Kipushi uliacha kuzalisha mwaka 1993 na ukakaa kimya miaka mingi. Nkambo hakuuona ukifunguliwa tena. Sheria yake lakini iko ndani ya kitabu cha watoto wa Marekani, karibu neno kwa neno, na hakuna aliyemwambia.

Sasa niseme lililotokea katika zile wiki tatu, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike.

Baada ya mimi kusema "iko", vijana wawili walikwenda kutafuta tangi. Tangi la kiwandani hatukuwa na pesa yake. Walipata chupa ya kizima moto, ya lita 6, tupu, imetupwa nyuma ya ghala, na kompresa ya friji iliyokufa upande mmoja ikafufuliwa. Walikata, walifunga, walizungushia utepe wa bomba. Kazi safi kabisa kwa macho. Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa sijafika, waliibeba mpaka kwa papa kwado, fundi wa matairi kwenye njia panda iliyo karibu na shule, ili wailinganishe na geji yake.

Papa kwado alikataa. Nilimkuta bado ameishika ile chupa mapajani, anaizungusha taratibu, vijana wamesimama mbele yake wamenuna.

"Papa, jambo yenu," nikasalimu.

"Jambo, mwalimu. Bana hawa ni ba kwako?"

"Ndiyo, papa, ni ba kwangu."

Akanionyesha sehemu ya chini, pale rangi nyekundu ilipovimba kama lengelenge. Akaikwaruza kwa ukucha. Kutu ikadondoka unga. "Hii chupa, nani aliipimaka? Miye minajazaka pine. Pine ikipasuka, minajua vile inapasukaka. Hii, hapana."

Huyu mzee anapima presha kwa "kilo" kama mafundi wote wa hapa. Kilo moja yake ni karibu bar moja, na bar moja ni kama psi 14 na nusu. Hajawahi kukiona kitabu cha sheria za roboti. Ila swali lake, nani aliipima, ndilo swali ambalo sura nzima ya wale wakubwa imejengwa juu yake. Wanataka kila kitu kinachobeba hewa kiwe cha kununuliwa, chenye kipimo kilichotajwa na mtengenezaji, na kiwe hakijabadilishwa. Mrija unaweza kuukata. Waya unaweza kuurekebisha. Unaweza kufunga kwa nyuzi za skrubu zilizokuwepo, na kubandika lebo. Kutoboa, kuchonga, kupiga tupa, hapana.

Baadaye darasani nilifanya hesabu mbele yao, ya lita 6 kwenye bar 8. Nguvu iliyolala ndani ya chupa hiyo, ikitumika yote, inatosha kuurusha mfuko wa saruji wa kilo 50 mpaka urefu wa mita 14 hivi, paa la ghorofa ya nne. Ukijaza chupa hiyohiyo maji kwa presha ileile, kisha ikapasuka, utalowa tu, maana maji hayakubali kubanwa na kwa hiyo hayaweki akiba ya nguvu. Ndiyo sababu matangi hupimwa kwa maji. Chuma chenye kutu hakikuonyi. Na plastiki ya mabomba ya maji, ile nyeupe ya PVC ambayo vijana wengi huikimbilia kwa sababu ni rahisi, ni mbaya zaidi: inavunjika kama glasi, vipande vikali vinaruka kila upande. Idara ya usalama kazini ya Marekani ilionya dhidi ya kuitumia kwa hewa iliyobanwa tangu mwaka 1988. Kama una mtoto nyumbani anayetengeneza bunduki ya kurusha viazi kwa bomba hilo, mnyang'anye leo.

Wale wawili walinyamaza. Mmoja alikuwa ameibeba chupa hiyo kifuani, amekumbatia, barabara yote kutoka shuleni. Nilimtazama kifua na nikashindwa kuendelea na somo kwa dakika kadhaa.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama ninakubaliana na katazo, upande wa matangi ninakubaliana kwa moyo wote. Mkaguzi wa mashindano ana dakika chache kwa kila roboti. Hawezi kuona kutu iliyo ndani. Akiamua kukataa hewa yote kwa watoto wa miaka 12 mpaka 18 kwenye ukumbi uliojaa wazazi, sitamwita mwoga.

Na kuna faida moja ambayo wenzangu wengi hawaioni. Seti kamili ya hewa ya kiwandani, kompresa, regulata, vali za umeme, matangi, mpaka ivuke bahari na mpaka na forodha, inakuwa kitu cha shule yenye mfadhili. Pale hewa inapokatazwa kwa wote, shule ya Katuba, komini nyingine ya hapa, na shule ya Houston zinaanza na mota zilezile na kamba zilezile. Hilo si jambo dogo kwetu.

Ila kuna kipengele kinachonichoma, nacho ni kile cha "kisiwe kimebadilishwa". Ninaelewa kwa nini kiko. Lakini ile silinda ya msichana, hata kwenye mashindano makubwa yanayoruhusu hewa, isingepita. Nyuzi za mwisho wa fimbo ziliwahi kuliwa, na mufundi fulani wa mashine ya kukereza, labda miaka kumi iliyopita, alizichonga upya kwa ustadi ambao ningempa alama zote. Mwili wa silinda ni mzima. Kibandiko chake kipo. Kilichorekebishwa ni ncha ambayo hewa haiigusi kabisa. Katika mji huu kitu hufika kwenye maisha yake ya kweli baada ya kurekebishwa mara ya kwanza: gari, friji, simu, kinga, mashine ya kusaga bunga. Mtoto wa hapa anakua akijua kwamba kurekebisha ndiyo akili. Halafu anakutana na ukurasa unaomwambia kwamba kilichoguswa na tupa hakiaminiki, na hakuna mstari unaotenganisha tupa iliyogusa tangi na tupa iliyogusa skrubu.

Kama siku moja tutaandika sheria za mashindano yetu wenyewe hapa Haut-Katanga, mkoa wetu, na ninatumaini tutaandika, ningependa hewa iwemo kwa presha ndogo, bar mbili basi. Matangi yawe ya kiwandani bila mjadala. Kila mfumo ujazwe maji na kupimwa mbele ya mkaguzi kwa mara moja na nusu ya presha ya kazi, kabla haujajazwa hewa. Na marekebisho ya sehemu zisizobeba hewa yaruhusiwe, mradi timu imeyaandika na kueleza. Mafundi wa kupima tunao. Mji huu umeishi kwa hewa iliyobanwa karne nzima, kwenye migodi na kwenye breki za treni.

Breki za treni nilizitaja kwa wanafunzi kwa sababu zina fundisho ambalo sheria hazilisemi wazi. Tangu miaka ya 1870, katika mfumo wa George Westinghouse, hewa ndani ya bomba refu la treni ndiyo inayozuia breki zisifunge. Behewa likikatika, bomba likipasuka, hewa ikitoka, breki zinafunga zenyewe. Yaani alijiuliza kwanza: mupepo ukiisha, nini kitokee? Nikawauliza vijana swali hilo kuhusu mkono wao. Mupepo ukiisha wakati mkono uko juu umebeba mzigo, na mwenzako ameingiza kichwa chini yake kutazama waya? Hakuna aliyekuwa amefikiri. Mimi pia, katika zile wiki tatu, sikuwa nimefikiri.

Siku niliyowaambia kwamba nilikosea na kwamba silinda haitakwenda mashindanoni ilikuwa Jumatano. Nilisimama, nikasema "nimekosa, niliwajibu kabla ya kusoma", nikasoma kipengele kwa sauti, nikakitafsiri. Wengine walitazama nje. Msichana mwenye silinda hakulia wala hakukasirika. Aliuliza: "Mwalimu, ile sheria inaogopa nini?" Mambo yote niliyoyaandika hapo juu, ya chupa na saruji na PVC na Westinghouse, yalitoka kwenye swali hilo. Tulilifanyia kazi wiki mbili, na sijawahi kuona darasa la fizikia likikaa kimya hivyo.

Mkono wa mashindano tuliujenga kwa reli za droo za makabati, kapi nne na kamba ya kuvulia samaki. Mota moja inakunja kamba, reli zinapanda moja baada ya nyingine. Kwa kushusha tuliongeza ukanda wa mpira, na mmoja akauliza kwa nini mpira unaruhusiwa ikiwa nao unaweka nguvu kama hewa. Swali zuri. Mpira uliovutwa unaonekana umevutwa, ukikatika unapiga kofi na kwisha, wala hautoki na chuma. Mkono ulipanda kwa sekunde nne. Kwa hewa ungepanda kwa nusu sekunde, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Tulikwenda nao hivyohivyo.

Jibu langu kwa wenye kuuliza, basi, ni kwamba ufungue kitabu cha mashindano yako, cha msimu huu. Wa FIRST Tech Challenge hutangaza mchezo Septemba, wale wakubwa Januari, na sheria husahihishwa kila mwaka. Usiniamini mimi, usiamini video. Na ukikuta "hapana", usiwasomee watoto hiyo "hapana" peke yake.

Silinda tuliirudia mashindano yalipokwisha. Tuliibeba mpaka kwa papa kwado, safari hii nikiwa mbele, na tangi lilikuwa la kwake, lenye vali ya usalama inayofanya kazi. Tulikuwa tumetengeneza fremu ya mbao ya kuongoza mzigo na kipande kinene cha plywood cha kusimama nyuma yake. Juu ya fimbo tukaweka mfuko wa bunga wa kilo 25, ulioazimwa kwa mama wa duka la jirani kwa ahadi kwamba hautatoboka. Hesabu yao ubaoni ilisema mfuko utainuka kwenye bar 3.05. Papa kwado alifungua polepole. Bar mbili, kimya. Tatu, kimya. Tatu nukta moja, na watoto wakaanza kunitazama mimi. Ilipofika tatu nukta sita mfuko ulitikisika, ukapanda sentimita kumi zote kwa pigo moja, ukasimama juu.

"Nusu bar imekwenda wapi?" akauliza kijana wa kwenye kona.

"Msuguano," mmoja akasema. "Mpira wa ndani umezeeka." "Fremu inabana." "Geji ya papa inadanganya." Papa kwado alikataa hilo la mwisho kwa nguvu, wakabishana naye, kwa heshima lakini wakabishana.

Msichana aliandika 3.6 kwenye daftari na kuizungushia duara. Kisha akafunga bomba kwenye tangi, akafungua vali ndogo ya pembeni, na hewa ikaanza kutoka na mfuko ukaanza kushuka. Kijana mmoja akanyoosha mkono kuupokea. Msichana alimshika kiwiko akamrudisha nyuma ya plywood, macho yake yako kwenye sindano ya geji, na tukasimama wote hapo mpaka ilipolala kwenye sifuri.